Kifaransa cha Mdomoni

Kila mwalimu wa Kifaransa anamjua mwanafunzi huyu. Amefika ngazi ya B1, pengine cheti cha DELF anacho kabatini. Anasoma habari ya gazeti na kuielewa, anaandika barua pepe ya kazi bila kusaidiwa, na ukimpa zoezi la karatasi anatenganisha passé composé na imparfait bila kusita. Kisha anaketi meza moja na wafanyabiashara wanne wa Kikongo waliokuja Kariakoo kufunga mzigo, na dakika mbili hazijapita amenyamaza. Anadaka neno hapa, neno pale. Akimaliza kutunga sentensi yake kichwani, wenzake wameshahamia jambo jingine. Usiku anajiambia kwamba msamiati wake ni mdogo, kesho yake ananunua daftari jipya na kuanza kukariri.

Sura hii ni yake, na namwambia mapema kwamba daftari halitamwokoa. Mtu mzima aliyekwama katikati ni nadra awe amekwama kwa uchache wa maneno. Maneno anayo, lakini ameyapokea kwa macho, na kwa hiyo yanamtoka polepole na kwa sura ambayo wasemaji wenyewe hawaitumii wakiwa wanaongea. Kazi iliyo mbele yake ni kupunguza upana: mada chache, sentensi chache, zisemwe kwa sauti mara nyingi mbele ya mtu, mpaka zitoke bila kuitwa.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Wizara ya Elimu ya Ufaransa ilitaka ijulikane ni Kifaransa kipi mgeni afundishwe kwanza. Georges Gougenheim na wenzake wakafanya jambo ambalo watunga kamusi hawakulizoea: walibeba vinasa sauti, wakarekodi watu wa kawaida wakizungumza, kisha wakahesabu maneno. Kazi yao ilitoka kitabuni mwaka 1956. Maneno yaliyojaa kwenye kanda zao yalikuwa yaleyale ya kila siku: être, avoir, faire, dire, aller, viwakilishi, na vijineno vya kuunganisha kama "alors" na "puis". Majina ya vitu yalikuwa machache kwa namna iliyowashangaza. Neno kama "fourchette", yaani uma, ambalo kila Mfaransa analijua tangu utotoni, huweza kupita saa nyingi za maongezi lisisikike hata mara moja, kwa sababu mada haikuligusa. Maneno ya aina hiyo wakayaita "disponibles": yapo ghalani, yanasubiri zamu yao. Orodha yao ya ngazi ya kwanza haikufika hata maneno 1,500.

Mtu wa B1 ameshavuka idadi hiyo. Na akikosa jina la kitu, lugha yenyewe imemwekea njia ya kupita. Wafaransa husema "le truc", kile kidude, tena wanasema mchana kutwa: "le truc pour ouvrir la bouteille" ni kifungulio cha chupa, na hakuna mezani atakayedhani huna elimu. Ukiongeza "un genre de" na "ça sert à", unaweza kuzunguka karibu nomino yoyote duniani. Vijineno vidogo ndivyo visivyozungukika. Bila "donc", "mais alors", "en fait", "du coup" na "quand même", sentensi zako zinabaki moja moja, na anayekusikiliza analazimika kuziunganisha mwenyewe. Atachoka.

Tuanze na sikio, maana ndiko mazungumzo yanakokufa. Kifaransa cha shuleni kinasema "je ne sais pas", maneno manne yaliyosimama wima. Akiyasema Mfaransa sebuleni kwake, kinachokufikia ni kama "shepa". "Je suis" inakuwa "shwi". "Il y a" inabaki "ya", "tu as" inakuwa "ta", "il faut" inaangusha "il". Lile "ne" la kukanusha linaelekea kutoweka kabisa katika maongezi: mtafiti William Ashby alirekodi wakazi wa mji wa Tours mwaka 1976, akarekodi tena mwaka 1995, akakuta limezidi kudondoka. Na "nous" mwanzoni mwa sentensi imeachia kiti "on": on y va, on a mangé, on se voit demain. Usidhani huu ni uhuni wa vijana. Daktari na profesa wa Paris huzungumza hivi wakiwa na watu wao, na asiyeufahamu mtindo huu anaachwa nje ya lugha aliyoisomea miaka mingi.

Taarifa ya habari haitakufundisha hili. Redio ya kimataifa ya Ufaransa, RFI, ina kipindi chake cha kila siku cha dakika 10, Journal en français facile, na ni kipindi kizuri kwa mtu wa B1: kinaelezea habari badala ya kuzitaja tu, na maandishi yake unaweza kuyasoma. Kisikilize. Lakini kumbuka kwamba msomaji wa habari anasoma. Utafute pia watu wawili wanaoongea bila karatasi, kwenye mahojiano ya redio au kipindi cha maongezi, uchague dakika moja tu, na hiyo dakika iwe yako kwa wiki nzima. Siku ya kwanza iandike yote kwa mkono, neno kwa neno, ukisimamisha na kurudisha kadiri utakavyo. Utaona mashimo. Siku ya pili mtafute mtu au maandishi ya kuyaziba, na hapo utagundua jambo la kutia moyo na la kuudhi kwa pamoja: maneno uliyoshindwa kuyasikia, karibu yote, ulikuwa unayajua. Siku zilizobaki isome dakika hiyo pamoja na mwenye sauti, mdomo wako ukimfuata nyuma kidogo, mpaka upite naye mwendo mmoja. Dakika moja kwa wiki inaonekana haba. Miezi mitatu ya dakika kama hizo hubadilisha sikio kuliko kuacha redio inaunguruma jikoni mwaka mzima.

Katika kusikia, msemaji wa Kiswahili ana msaada ambao hajaambiwa. Lugha yetu inapenda silabi ziishie kwa irabu, na Kifaransa kinachosemwa mfululizo kinapenda hivyohivyo. "Avec elle" haisemwi maneno mawili, inatoka a-ve-kel. "Il arrive" ni i-la-riv. "Les enfants" inachukua z isiyotamkwa neno likiwa peke yake, ikawa le-zan-fan. Acha kutafuta mpaka kati ya neno na neno, sikiliza silabi, na mpaka utaupata baadaye kwa maana. Mkazo nao unahitaji kuhamishwa. Sisi tunakazia silabi ya pili kutoka mwisho, ya kila neno. Kifaransa kinakazia silabi ya mwisho ya kundi zima, na yaliyotangulia yanakwenda sawasawa mpaka hapo.

Kuhusu matamshi, watu wengi wanapoteza jasho lao kwenye r. Ni jasho la bure. Aliyelelewa na Kiswahili cha pwani anatamka "lugha" na "ghali" kila siku, na hiyo gh iko jirani kabisa na r ya Paris. Baada ya t, kama katika "très", r hiyo inasogea kwenye kh ya "kheri". Na hata ukibaki na r ya ncha ya ulimi, mamilioni ya Waafrika wanaongea Kifaransa safi kwa r hiyohiyo na wanaeleweka Dakar hadi Bukavu. Jasho lako liweke kwenye irabu. Sisi tunazo tano, wao wana zaidi ya kumi, na tofauti zinazotupita zinabeba maana. "Dessus" ni juu, "dessous" ni chini. "Rue" ni barabara, "roue" ni gurudumu. Kuipata ile irabu ya "rue", sema "i", uache ulimi palepale, kisha viringisha midomo kana kwamba unataka kusema "u". Irabu za puani nazo ni tatu za kuzitenganisha kabla ya yote: "vin" mvinyo, "vent" upepo, "vont" wanakwenda.

Lakini kosa ambalo mimi ningelirekebisha kabla ya hayo yote ni la "je" na "j'ai". Kwa sikio lenye e moja, hizo ni kitu kimoja. Kwa Mfaransa, "je finis" ni sasa, "j'ai fini" ni tayari. "Je dis" nasema, "j'ai dit" nimesema. Mtu anayezichanganya anasimulia safari yake yote ya Mwanza huku msikilizaji hajui kama imeshafanyika au bado. Midomo ya "je" inachomoza mbele; ya "j'ai" inanyooka pembeni kama ya mtu anayetabasamu. Fanya mazoezi ya jozi hizo mbele ya kioo, hata kama unaona haya.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona limewacheleweshea wengi. Tanzania na Kenya tumefundishwa Kifaransa kupitia Kiingereza. Vitabu vyenye maelezo viliyatoa kwa Kiingereza, mwalimu alitafsiri kwa Kiingereza, na sasa mtu mzima akitaka kusema Kifaransa anaanza na Kiswahili, anapita Kiingereza, ndipo anafika. Safari hiyo ya vituo viwili ndiyo inayomchelewesha mezani. Mara nyingi kituo cha katikati hakihitajiki hata kidogo, kwa sababu Kiswahili na Kifaransa vinakubaliana pale ambapo Kiingereza kinakwenda kwingine.

Tazama mtendwa. Mzungumzaji wa Kiingereza anamweka baada ya kitenzi, na kila darasa la Kifaransa la Waingereza linaumwa kichwa na sentensi kama "je l'ai vu". Wewe unasema "nilimwona": mtenda, kisha mtendwa, kisha kitenzi. "Je les connais", nawajua. "Je lui parle", nasema naye, lakini pia namwambia, na hapo m- yako imekaa palepale alipo "lui". Kifaransa kinakwenda mbele hatua moja kuliko sisi, kinaweka wawili kwa mpigo, "je te le donne", na hiyo hatua moja inajifunzika. Anza na "nawajua" na "nilimwona" ukiwa unatembea barabarani, ubadilishe moja kwa moja, na usikiruhusu Kiingereza kiingie.

Nyakati pia. Sentensi "nilipofika alikuwa anapika, nikakaa, tukala" imeshakufanyia uchaguzi wote ambao vitabu huueleza kwa kurasa sita. Chochote unachokisema kwa -li- au -ka- ya kusimulia, kitu kilichotokea kikaisha, ni passé composé: je suis arrivé, je me suis assis, on a mangé. Chochote unachokisema kwa "alikuwa ana-" au "alikuwa aki-", kilichokuwa kikiendelea au kilichokuwa desturi, ni imparfait: elle préparait le repas. Kanuni hii ina kingo zake, lakini itakufikisha mbali sana kabla hujakutana nazo.

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili kinakutega, na hapa lazima uwe macho. Mtu akikuuliza "hujala?", nawe kweli hujala, unajibu "ndiyo", au "eeh, sijala", ukikubaliana na maneno yake. Kifaransa hakikubali hivyo. "Tu n'as pas mangé ?" Ukijibu "oui", msikilizaji hajui umesema nini. Kama hujala, jibu ni "non". Kama umekula, jibu ni "si", neno ambalo hapa kazi yake ni kumpinga aliyekanusha. Jambo hili limezaa kutoelewana kwingi kwenye biashara, kwa mfano pale mnunuzi anapouliza kama mzigo haujatoka bandarini na wakala anamjibu "oui" kwa nia njema kabisa. Lifanyie mazoezi na mtu: akuulize maswali ishirini ya kukanusha, haraka haraka, nawe ujibu kwa "si" au "non" bila kufikiri.

Kusikia na kuelewa, hata kukiwa kwingi, hakuzai kusema. Hili lilionekana wazi Kanada. Mwaka 1965, huko Saint-Lambert karibu na Montréal, wazazi wanaozungumza Kiingereza waliomba watoto wao wafundishwe masomo kwa Kifaransa tangu chekechea, na mpango huo ukaenea nchi nzima. Watoto walisikia Kifaransa miaka na miaka. Kuelewa kwao kukakaribia kuwa sawa na kwa wenye lugha, lakini usemi wao ukabaki na mapengo ya sarufi ambayo miaka haikuyaziba. Merrill Swain wa Toronto, aliyewachunguza, aliandika mwaka 1985 kwamba kuelewa kunawezekana kwa kukisia: unadaka maneno matatu na hali ya mambo, maana inapatikana. Anayesema hana pa kukisia. Lazima achague nani katenda, lini, kwa kitenzi gani, na ndipo anapogundua asichokijua. Kwa hiyo mtu asukumwe aseme, tena aseme kwa usahihi kuliko alivyozoea.

Namna bora ninayoijua ya kujisukuma ni ile aliyoieleza Paul Nation wa New Zealand mwaka 1989, na inahitaji saa tu na wasikilizaji. Unachukua kisa kimoja, unamsimulia mtu kwa dakika 4. Kisha unamsimulia mtu mwingine kisa kilekile kwa dakika 3. Kisha wa tatu, kwa dakika 2. Msikilizaji ni mpya kila mara, kwa hiyo huoni haya kurudia, na muda unapungua, kwa hiyo huna nafasi ya kutangatanga. Kigugumizi kinapungua, mwendo unaongezeka. Usipopata watu watatu, simu yako inaweza kuwa mmoja wao. Jirekodi, kisha msimulie rafiki.

Swali la haki ni: kisa gani? Hapa mtu mzima ana nguvu kuliko kijana wa sekondari, kwa sababu ana maisha ya kusimulia, na pia kwa sababu mazungumzo ya mtu mzima si mengi kama anavyofikiri. Jipime wiki moja kwa Kiswahili. Unazungumzia kazi yako, watoto au wazazi, ulivyofika mahali unapoishi, bei za vitu, afya, tukio la wiki, na jambo moja la siasa au mpira. Mada saba au nane. Zikae hizo mdomoni kwa Kifaransa, nawe utakuwa unaongea sehemu kubwa ya siku.

Chukua wakala wa forodha wa Dar es Salaam ambaye wateja wake wako Lubumbashi. Kisa chake cha kwanza hakihitaji kutungwa: ni lori lililokwama mpakani. Toleo la kwanza lilivyo kwenye karatasi ni hili: "Le camion est arrivé à Kasumbalesa lundi. Il y avait un problème. Nous avons attendu trois jours." Sahihi, tena limekauka. Toleo la mdomoni: "Bon, le camion est arrivé à Kasumbalesa lundi, mais y avait un problème avec les papiers, du coup on a attendu trois jours." Hakuna neno gumu lililoongezwa. "Bon" imefungua mlango, "y avait" imeshuka mabega, "mais" na "du coup" zimefunga mambo matatu yakawa kisa, "on" imeingia badala ya "nous". Wakala huyu akishaweza kulisema hili bila kupumua katikati, aongeze sentensi: dereva alisema nini, afisa alijibu nini, nani alilipa. Maneno mawili ya kazi yake, "la douane" na "dédouaner", yataingia yenyewe kwa sababu kisa kinayadai. Huku ndiko kupunguza upana nilikokusudia. Wiki mbili na lori moja.

Kurekebishwa ni mahali ambapo adabu zetu zinatugharimu. Rafiki mwema akisikia umekosea hurudia maneno yako kwa usahihi na kuendelea. Unasema "j'ai allé", yeye anasema "ah, tu es allé à Goma, et alors ?", nawe unaendelea na Goma, kosa likibaki palepale. Roy Lyster na Leila Ranta walirekodi madarasa ya Kifaransa eneo la Montréal na kuchapisha matokeo mwaka 1997: zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya namna hii, na chini ya theluthi moja ndiyo wanafunzi waliyoitikia kwa namna yoyote. Mwalimu aliposimama na kumfanya mwanafunzi ajaribu tena mwenyewe, waliitikia. Kwa hiyo mwombe mwenzako kwa maneno ya wazi kabla hamjaanza: "Quand je me trompe, arrête-moi." Mpangie makosa mawili tu ya kuwinda siku hiyo, mathalani "je" na "j'ai" na vitenzi vya être, mengine ayaache yapite. Anayekatizwa kwa kila kosa huishia kunyamaza, na anayeachwa kwa yote huzeeka nayo.

Na mwenzako huyo ni nani? Alliance Française zipo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na zina faida ya kukukutanisha na watu wa ngazi yako. Lakini msemaji wa Kiswahili ana hazina iliyo karibu zaidi, ambayo Mjapani au Mbrazili anayejifunza Kifaransa hawezi kuiota: mamilioni ya watu wanaoishi na lugha zote mbili. Mtu wa Lubumbashi, wa Goma, wa Bukavu, wa Bujumbura hasa mtaa wa Buyenzi. Kigali pia, ingawa huko tafuta waliosoma kabla ya uamuzi wa mwaka 2008 wa kukifanya Kiingereza lugha ya kufundishia. Mtu kama huyo anaweza kukueleza kwa Kiswahili kwa nini sentensi yako ya Kifaransa imekwenda kombo, na hiyo ni neema.

Kiswahili cha Katanga chenyewe ni darasa. Mtafiti Vincent de Rooij alionyesha katika miaka ya 1990 jinsi wasemaji wa huko wanavyopanga hoja zao za Kiswahili kwa viungo vya Kifaransa: "mais", "donc", "alors", "parce que", "bon". Sikiliza wanavyoviweka. "Donc" inakuja wakati wa kukata shauri, "bon" inakuja wakati wa kugeuza mada, "mais" inabeba uzito wa kupinga. Vile vijineno ambavyo kitabu chako kiliviorodhesha bila uhai, hapa unaviona vikifanya kazi ndani ya lugha unayoielewa yote.

Hatari iko hapohapo: mkishaweza kuelewana kwa Kiswahili, Kifaransa kinaachwa mlangoni. Wekeni mpaka wa saa. Nusu saa Kifaransa bila kutoka, hata kwa kubabaika, kisha nusu saa ya kile anachokihitaji yeye, ambacho kwa Wakongo wengi wa Dar es Salaam na Nairobi ni Kiingereza. Deni la pande zote hudumu kuliko fadhila. Na utakutana na mambo ambayo kitabu cha Paris hakikukwambia. Sabini kwa Mkongo ni "septante" na tisini ni "nonante", kama Wabelgiji, wakati Ufaransa ni "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". Jifunze kuzisikia zote, maana bei na namba za simu hazisubiri. Mtu mzima ataitwa "papa" au "maman" kwa heshima hata kama si mzazi wako, na kwako hilo ni rahisi kulipokea. Na mahali popote pa Kifaransa, usiingie dukani wala ofisini ukataja haja yako kabla ya "bonjour". Aliyelelewa kuamkia hahitaji kuelezwa zaidi. Ajue tu kwamba salamu yao ni fupi, na akishaitoa aende kwenye shauri.

Mazungumzo ya watu wengi ndiyo magumu kuliko yote, na kuyaweza kwa mtu mmoja mmoja hakutoshi. Hapo tatizo ni zamu. Kifaransa cha kuongea kina umbo linalokusaidia kuikamata, nalo ni umbo letu pia: unamtaja mhusika kwanza, unamwacha hewani, kisha unasema jambo lake. "Moi, mon frère, il travaille à Goma." Mimi, kaka yangu, yeye anafanya kazi Goma. "Les papiers, on les a perdus." Karatasi, tumezipoteza. Ukishasema "moi, mon frère", meza imekugeukia na wewe umejipatia sekunde mbili za kupanga kitenzi. Kabla ya hapo, onyesha upo: "ah bon ?", "c'est vrai ?", "et alors ?". Ukitaka kuingia, "justement" au "attends". Usingoje sentensi yako ikamilike kichwani. Sema neno la kwanza, lingine litafuata, na likigoma kuna "comment dire", ambayo Wafaransa wenyewe huitumia kwa shida hiyohiyo.

Kwa anayelenga DELF B2, zoezi hili ndilo mtihani wenyewe. Sehemu ya kuzungumza inakupa dakika 30 za kujiandaa na kama dakika 20 mbele ya watahini. Kwanza unatoa hoja yako, kisha wao wanakupinga, na wanakupinga kwa makusudi, maana wanapima kama utasimama. Wengi huandika hotuba nzuri katika dakika zile 30 na kuisoma kwa uso mkavu. Swali la kwanza likija, hawana kitu. Andika vichwa vya hoja tatu tu, na kando ya kila hoja andika pingamizi moja unalolitarajia pamoja na namna utakavyolipokea: "je comprends, mais justement…", "ça dépend…", "oui, sauf que…". Watahini utawaita "vous", utatumia "nous" au "on" bila wasiwasi, na "ne" yako, iliyozoea kudondoka mtaani, utairudisha mahali pake kwa dakika hizo 20.